Gadenia Sitini na Ukuta Mmoja

Nailoni angavu ilikuwa imebaki roli moja, na mikono iliyoikamata ilikuwa minne.

Miwili ilikuwa ya mwanamke mwenye gauni la bluu la maua madogo na mabuti ya mpira yaliyojaa udongo. Miwili mingine ilikuwa ya mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli iliyotapakaa chokaa, chokaa imempanda mpaka kwenye nyusi. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika Jumatatu ile. Watu walikuwa wanagombania misumari na mabati, na mwenye duka anapiga kelele kwamba foleni ni moja tu.

"Kaka, achia."

"Niachie vipi na mimi ndiye niliyeiona kwanza?"

"Wewe umeiona, mimi nimeishika."

"Sote tumeishika, dada yangu. Unaitakia nini?"

"Kufunika watoto."

Mwanamume akashtuka. "Watoto gani hao wa kufunikwa nailoni?"

"Vipandikizi vya gadenia, mia moja na ishirini. Nisipovifunika leo, kesho vimenyauka. Na wewe?"

"Sakafu ya mwenye nyumba. Nikiidondoshea chokaa, kesho ataninyonga."

"Basi tutakuzika vizuri. Achia."

Alicheka, lakini hakuachia. Mwenye duka aliyechoka na maneno yao akaja na mkasi, akaikata roli katikati, kila mtu na nusu yake. Fundi yule akabeba nusu zote mbili begani na kusema atamfikishia yake mpaka kitaluni. Mwanamke hakukataa. Mabega yenyewe yalikuwa ya kutazamika.

Watu wa mtaa walimwita yule mwanamke Dada Miche. Huyu mwingine aliitwa Fundi Chokaa, kwa sababu mafundi wenzake wote walikuwa wamehamia rangi za makopo, yeye bado anachoma mikono kwa kuzimua chokaa yake mwenyewe kwa maji. Na kabla hujampenda Dada Miche, nikwambie jambo moja: alikuwa na kinyongo cha kutunza. Jirani mmoja aliwahi kumwagia maji ya sabuni kwenye miche yake. Dada Miche alinyamaza miezi minne. Siku jirani alipokuja mbio kutafuta maua ya harusi ya mdogo wake, Dada Miche alisimama mbele ya maua tele, akamwambia yamekwisha. Usiku huo alilala usingizi mtamu.

Kitaluni, Fundi aliketi juu ya ndoo na kumtazama akifanya kazi. Dada Miche alichukua ncha ya tawi lisilo bichi sana wala gumu sana, akapima vidole vinne, akakata chini kidogo ya fundo la jani. Akapukutisha majani ya chini, akabakiza mawili ya juu. Akachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ya majani yaliyooza, akanyunyiza maji, akafunika nailoni.

"Hapo unasubiri?"

"Wiki sita mpaka nane vitoe mizizi. Halafu miaka miwili kupata kichaka kinachojiheshimu. Gadenia haimwagi majani mwaka mzima, na ikichanua, ua lake jeupe linanukia nyumba ya tatu. Lakini ina madeko! Inataka jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Inataka unyevu, na ukiizamisha kwenye maji inaoza. Ukiihamisha ikiwa na matumba, inayaangusha yote kwa hasira."

"Kama mtu ninayemwona."

"Hujaniona bado. Na jambo kubwa: haipatani na chokaa. Inataka udongo mchachu. Ukiitia chokaa au jivu, majani yanageuka manjano, mishipa tu inabaki kijani, halafu kwaheri. Kwa hiyo wewe na ovaroli yako mkae huko huko."

Fundi akavuta ndoo yake hatua mbili nyuma, kwa heshima zote. Dada Miche akacheka mpaka akashika kiuno.

Jioni ile ile simu ililia.

"Nani mwenzangu?"

"Nusu ya nailoni."

"Nusu ya nailoni inataka nini?"

"Inauliza hali ya nusu nyingine."

"Imelala, imefunika watoto. Namba yangu umeipata wapi?"

"Imeandikwa kwenye kibao cha kitalu chako, mpenzi. Kwa herufi kubwa."

"Mpenzi tayari? Mbona una haraka hivyo?"

"Chokaa ikishazimuliwa haingoji."

Miezi miwili ilipita hivyo, asubuhi simu na jioni simu. Fundi alimwita kipenzi, alimwita malkia wa viriba, ile mifuko ya miche. Naye akamwita Fundi wangu, na akiudhika, Fundi peke yake. Siku za mapumziko Fundi alikuja kitaluni na shati lililopigwa pasi, na shangazi yake Dada Miche, mwenye nyumba ya pembeni na mwenye ufunguo wa uwa wa kitalu, alimkaribisha chai na kumchunguza kuanzia viatu mpaka kisogo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo roho ya Dada Miche ilipokuwa imening'inia. Kiwanja cha kitalu kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe alishasema baada ya mvua anajenga. Dada Miche hakuwa na pa kwenda. Lakini mkunga mmoja mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamrisha na miwani ya kamba, alikuwa anafungua kliniki ya uzazi barabara ya pili, na nyuma ya kliniki kulikuwa na kiwanja chenye kisima. Mkunga alimwambia: "Niletee gadenia sitini zilizochanua siku ya ufunguzi, kiwanja cha nyuma ni chako, weka kitalu chako mpaka uzeeke." Dada Miche alikuwa nazo sitini, za miaka miwili, kwenye viriba vikubwa, ndiyo kwanza zinaanza kutoa matumba. Hata kazi ya kupaka ukuta mrefu wa mbele wa kliniki, ni yeye aliyemwombea Fundi. Akapanga na vichaka vikae kwenye vyungu, hatua mbili kutoka ukutani, mvua isije ikavidondoshea chokaa.

Wiki sita kabla ya ufunguzi, majani yakaanza kugeuka.

Kwanza mche mmoja, akadhani ni jua. Kesho yake saba. Siku ya nne, kitalu kizima kilikuwa manjano, mishipa ya kijani imejichora, na matumba yanadondoka chini moja moja. Dada Miche alikagua udongo, akakagua mboji, akanusa mizizi. Ndipo akalikumbuka pipa. Maji ya kumwagilia yalikuwa ya mvua, yakiingia kwa bomba la paa kwenye pipa kubwa lenye kifuniko na koki chini. Kila siku alifungua koki tu, kifuniko hakukigusa. Siku ile alipanda juu ya tofali, akafunua.

Ndani pipa lilikuwa jeupe, limepakwa chokaa kuanzia juu mpaka chini, brashi imepita sawasawa, mapana yale yale ya mkono anaoujua.

Damu ilimpanda kichwani. Alishamwambia mtu huyu, kwa kinywa chake, siku ya kwanza, kwamba chokaa inaua! Na juzi, kwa macho yake, alimwona akitoka bustani ya ng'ambo ya barabara, ya mzee mmoja mwenye miche ya kila aina ambaye naye alikuwa anaililia kazi ya maua ya kliniki. Walikuwa wanacheka, mzee amemshika bega. Dada Miche alijumlisha moja na moja akapata kumi na moja. Shangazi hakuwepo wa kumtuliza. Alikuwa safarini kwa binti yake aliyejifungua.

Simu ililia. Fundi wangu.

"Kipenzi, hujambo? Una habari yoyote ya kunipa?" Sauti yake ilikuwa imejaa kicheko cha mtu anayeficha zawadi. Dada Miche alisikia kicheko tu.

"Habari gani?"

"Aa, basi. Utaniambia mwenyewe ukiiona."

"Nimeiona, Fundi. Usinipigie tena."

Akakata. Fundi alipiga tena mara tisa siku hiyo, na siku kumi zilizofuata hakuchoka. Dada Miche aliitazama simu ikitetemeka mezani kama mende aliyepinduka, akaiacha.

Alimwaga maji yote, akasugua pipa mpaka vidole vikachubuka, kisha akaenda duka la pembejeo kununua dawa ya chuma. Ni chumvi ya kijani. Unaiyeyusha kwenye maji, unamwagia shinani, na mche wenye manjano unarudisha rangi yake polepole. Kila mwenye gadenia anaijua. Anajua vile vile kwamba hutakiwi kuidondosha kwenye sakafu wala nguo nyeupe, maana inageuka kutu na haitoki.

Alikuwa amejipinda anamwagilia alipolifikiria hilo. Akasimama wima. Akatabasamu.

Ijumaa mchana, mafundi walipokwenda kula, Dada Miche aliingia kliniki na bomba la dawa mgongoni, amevaa gauni lake safi kabisa na hereni. Mlinzi akamsalimia, nani asiyemjua dada wa maua? Ukuta ulikuwa mweupe unaumiza macho, kazi ya wiki mbili, mkono wa tatu wa chokaa umekauka asubuhi hiyo. Alitembea taratibu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akipiga pampu, na dawa ikarushwa juu na kutiririka. Ukuta ukalowa tu, ukaonekana kama umenyeshewa. Ah, ilikuwa tamu! Tusidanganyane, ilikuwa tamu. Kila pampu aliipa jina: hii ya tumba la kwanza, hii ya la pili. Alirudi nyumbani anaimba.

Jumamosi ukuta ulikuwa na michirizi ya hudhurungi. Jumapili ilikuwa imewiva, myekundu-myekundu, inashuka kutoka juu mpaka chini. Na Jumatatu walikuja wanawake wajawazito waliotaka kujiandikisha mapema. Walisimama getini wakautazama ukuta wa nyumba ya kuzalia ukichuruzika vile. Mmoja akashika tumbo lake, akageuka. Wengine wakamfuata.

Mkunga alimwita Fundi mbele ya watu wote.

"Umenipakia nini?"

"Mama, chokaa yangu haijawahi kufanya hivi."

"Chokaa yako imewafukuza wagonjwa wangu! Chukua ndoo zako, nisikuone tena."

Habari zilipofika mtaani, Dada Miche aliziongezea chumvi. Kila aliyekuja kununua mche alimwambia: fundi yule si mtu, mkono wake una sumu. Watu wawili waliokuwa wameshampa kazi wakaiondoa.

Jumatano Fundi akaja mwenyewe kitaluni. Ovaroli ilikuwa safi, maana hakuwa na kazi. Alifungua kiganja, ndani kulikuwa na gamba la chokaa lenye kutu.

"Hiki ni chuma," alisema. "Fundi asiyejua kutu ni fundi gani? Nimejiuliza ni nani ninayemjua anayetembea na chuma kwenye bomba. Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe kwa nini umenipakia pipa chokaa?"

"Si ulilalamika lina utelezi wa kijani unaoziba koki? Na viluwiluwi vya mbu? Nimelisugua siku nzima ulipokwenda sokoni, nikalipaka. Nilitaka ulione mwenyewe ufurahi."

"Nilikwambia chokaa inaua gadenia!"

"Chokaa mbichi, ya kwenye udongo! Ile imekauka. Chokaa ikikauka ni jiwe, jiwe linatoka wapi tena? Watu tumewapakia visima!"

"Inatoka, Fundi! Kidogo kidogo, kila siku, inaingia kwenye maji. Watu wanakunywa hawadhuriki. Gadenia si watu."

Fundi alizitazama gadenia, kisha pipa. Uso ulimshuka. Ilikuwa wazi kwamba hakujua, lakini Dada Miche hakutaka kuona.

"Na yule mzee wa ng'ambo uliyekuwa unakumbatiana naye?"

"Nilimpakia choo."

"Mwongo!"

"Mpigie shangazi yako. Ndiye aliyenifungulia uwa."

Akapiga, akaweka spika, akiwa na hakika anamuumbua mtu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Mtoto mzuri, ana pua ya babu yake. Enhe, umeshalifunua pipa?" Shangazi alikuwa anacheka. "Mwenzio nilibanwa na siri mpaka tumbo linauma! Mwanaume ameingia kichwa chini miguu juu humo ndani, anakohoa, anapaka. Ananiambia, shangazi, usimwambie, nataka nimwone akifurahi. Mwanangu, ukimwacha huyo utanikuta na fimbo. Halo? Unanisikia?"

Dada Miche alikata simu.

"Fundi wangu..."

"Ngoja," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mimi nimeua miche yako kwa kutojua. Hilo nitalijutia. Lakini wewe ulijua. Ulijua unachofanya kila hatua, ukuta mzima. Ungeniuliza neno moja tu."

"Nilikuwa na hasira."

"Sasa ninazo mimi."

Akaondoka. Sasa zamu ya kupigiwa na kutopokea ikawa yake, na aliitumia barabara. Dada Miche alipiga asubuhi, akapiga jioni, akatuma ujumbe mrefu na mfupi. Wiki mbili zikapita hivyo.

Huku kitaluni, dawa ilikuwa imefanya kazi. Ishirini na mbili zilikufa, lakini thelathini na nane zilirudisha kijani, na zaidi ya nusu yake zilikuwa na matumba mapya. Mkunga alipita, akazitazama juu ya miwani yake. "Ukuta umeniharibikia, angalau nipate maua," akasema. "Lete hizo hizo. Kiwanja bado ni chako."

Angenyamaza, angekipata. Aliyejua ni Fundi peke yake, naye hakumwambia mtu. Alilala na kiwanja chake kichwani, kisima na kila kitu, na kila akigeuka alimwona Fundi anakusanya ndoo mbele ya watu. Asubuhi alinawa uso, akapiga moyo konde, akaenda kugonga ofisini.

"Mama, ukuta niliuharibu mimi."

Akaeleza yote, mpaka bomba, mpaka hereni. Mkunga alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na tano," alisema mwishowe. "Nimetukanwa, nimeng'atwa. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi. Gadenia zako sizitaki. Kiwanja nitampa mzee wa ng'ambo leo hii. Na ukuta ule utaukwangua kwa mikono yako, kutu yote itoke, mbele ya watu. Fundi nitamwomba radhi mwenyewe, aje apake nyuma yako."

"Sawa, Mama."

"Usiniambie sawa. Kwangua."

Alikwangua siku nne. Chokaa haifuniki kutu. Ukiipaka juu, inapenya tena, kwa hiyo ilibidi ichongwe mpaka kwenye plasta. Alifunga kitambaa kichwani, vumbi likamjaa puani, mabega yakawaka moto. Fundi alikuja siku ya pili, akaanza kupaka upande uliokwisha, na hakumwambia hata habari za asubuhi. Alipohitaji ndoo aliyoishika Dada Miche, alimzunguka akachukua nyingine. Mzee wa ng'ambo alipita na vyungu vyake, akamwonea huruma, na hiyo huruma ilimchoma kuliko vumbi.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, benchi limejaa wajawazito waliorudi, Dada Miche alikuwa juu ya jukwaa la mbao akimalizia pembe ya mwisho. Akasikia kitu kinakwaruza. Akatazama chini. Fundi alikuwa ameiondoa ngazi, ameilaza majanini, na ameketi juu yake.

"Fundi! Rudisha ngazi."

"Nitarudisha."

"Lini?"

"Mtaani ulinisema kwa sauti. Sema na ukweli kwa sauti ile ile. Hapo juu ni pazuri, utasikika."

Lo! Mwanamke aliyemnyima jirani maua ya harusi, leo anaamrishwa hadharani. Alitazama urefu, akaona hawezi kuruka. Alimtazama Fundi, akamwona amekunja mikono na hana mzaha. Benchi zima lilikuwa limeinua shingo. Hata dirisha la Mkunga lilifunguka.

"Jamani!" alisema.

"Sijasikia."

"Jamani!" akapaza. "Ukuta huu, aliyeutia kutu ni mimi! Huyu fundi hana kosa, mkono wake hauna sumu! Nilimsingizia! Alinifanyia wema nikamlipa ubaya, na nimejuta mpaka mifupa inaniuma!"

"Asante," Fundi alisema, akainuka kuichukua ngazi. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Lakini Dada Miche hakuwa amemaliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na kuchora mistari kwenye vumbi la mashavu, ila macho yenyewe yaliwaka.

"Na jamani, sikilizeni na hili! Mwanaume huyu ameniita mpenzi tangu siku ya kwanza, ananiita kipenzi, ananiita malkia, na mpaka leo hajathubutu kutamka neno ndoa! Sina miche ya kutosha, sina kiwanja, na bado namtaka! Muulizeni ananioa au hanioi!"

Wanawake kumi na wanne, matumbo mbele, wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Fundi. Ngazi ikamwelemea mikononi.

"Mjibu mwenzio," alisema wa kwanza kwenye benchi.

"Tunasikiliza," alisema wa pili.

"Mjibu upesi," Mkunga alisema dirishani. "Nina kazi."

Fundi alijikuna kisogo, akatazama chini, akatazama juu. Jasho lilimtoka.

"Kwangu kuna uwa mkubwa," alisema hatimaye, kwa shida. "Una jua la asubuhi. Mchana kivuli. Zile thelathini na nane zinaenea. Tatizo ni kuta. Zote nne nimezipaka chokaa."

"Utazikwangua."

"Mimi?"

"Kwani zimepakwa na nani?"

Benchi likaangua kicheko. Fundi akaiegemeza ngazi ukutani, akaishika kwa mikono miwili isiyumbe, akasubiri ashuke.